Wana wa Putu

Fulgensi alipofika Mofu mara ya kwanza, mwaka mmoja kabla ya vita, watu walidhani amekuja kuandika majina ya watakaopelekwa kwenye mashamba ya pamba ya serikali. Walipoiona kanzu nyeupe na daftari kubwa kwapani, wakaingia kwenye matete pamoja na watoto wao. Alikuta vyungu vikichemka mafigani na kuku wakizurura uani, lakini nyumba zote tupu. Alikuwa amebaki bibi mmoja tu, amekaa kwenye kivuli cha ghala la mpunga, akisuka mgono wa kutegea kambale.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wenzangu wamekukimbia. Mimi miguu imenikatalia."

"Sikuja kuchukua mtu. Nimekuja kuuliza majina ya waliokufa."

Bibi yule, aliyeitwa Manjola, akaacha kusuka. "Siku hizi na wafu nao wanalimishwa pamba?"

Fulgensi akacheka, akaketi chini bila kukaribishwa, akaanza kumweleza. Alikuwa katekista wa misheni ya mlimani, mwendo wa siku tatu kutoka mtoni. Mkubwa wa misheni hiyo, Padri Donati, alikuwa Mjerumani mwembamba mwenye ndevu za kahawia, mtu aliyeosha vidonda vya wagonjwa kwa mikono yake mwenyewe na kula ugali bila kulalamika. Lakini alikuwa na wazo moja lililomnyima raha. Katika Maandiko kuna orodha ya wajukuu wa Nuhu, ambao mataifa yote ya dunia yalitoka kwao. Hamu, mwana wa Nuhu, alizaa wana wanne: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Watoto wa Kushi wameandikwa. Watoto wa Misri wameandikwa, na wa Kanaani pia. Putu peke yake hakuandikiwa mtoto hata mmoja. Jina lake limetajwa, kisha orodha ikampita.

Padri Donati aliamini kwamba Putu alikuwa na watoto, na kwamba watoto hao walitembea kuelekea kusini, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakalifikia bonde hili la Kilombero. Akitafuta kwa wazee wa kila ukoo, akapanda kutoka mwana kwenda baba na kutoka baba kwenda babu, siku moja atakutana na Putu mwenyewe. Ndiyo maana alimpa Fulgensi daftari na kumtuma bondeni.

Bibi Manjola alisikiliza mpaka mwisho. "Na wewe unaamini?"

"Mimi napenda kusikia majina, bibi."

Hilo lilikuwa kweli kuliko alivyotaka kusema. Fulgensi alikuwa amenunuliwa na misheni huko pwani, sokoni, alipokuwa na umri wa miaka mitano au sita. Kwenye kitabu cha ubatizo waliandika kwamba baba hajulikani na mama hajulikani. Alichokumbuka ni maji mengi yenye nyasi, harufu ya samaki wanaokaushwa juu ya moshi, na mwanamke aliyekuwa akikimbia mbele yake. Mapadri walimlea, wakamfundisha kusoma na kuandika, na alipokuwa mtu mzima wakamleta bara kufundisha dini. Kila mzee aliyemtajia baba zake, Fulgensi aliandika kama mtu anayekula baada ya kufunga.

Bibi Manjola akaanza. Mwanawe Lihami, mkubwa wa kijiji, ni wa Mkuya. Mkuya ni wa Ndolela. Ndolela ni wa Likweti, aliyeshuka kutoka mlimani amejitwika mtumbwi kichwani kwa sababu aliambiwa huku chini kuna maji. Akaendelea kupanda mpaka nyuma ya Likweti, jina juu ya jina, bila kukwama. Kazi ile ilichukua siku tatu. Siku ya kwanza jioni watu walianza kurudi mmoja mmoja kutoka mateteni. Siku ya tatu walikuwa wamemzunguka Fulgensi na kumsahihisha.

"Kwa nini mnayashika hivi?" aliuliza. "Kwingine wanaishia kwa babu."

"Kwa sababu ya zamani za mateka," alisema Bibi Manjola. "Wavamizi walikuwa wakikamata mmoja, wanampiga mpaka anataja wenziwe, halafu wanasimama ukingoni na kuita. Mtu akisikia jina lake anatoka, anakamatwa. Tukapatana kwamba hakuna kutoka kwa jina lako. Unatoka ukiitwa pamoja na majina ya baba zako wote, mpaka Likweti. Anayeweza kukuita hivyo ni ndugu yako, na hatari imepita."

Fulgensi akaiandika habari hiyo pia, kwa sababu Padri alimwagiza aandike kila kitu.

Siku aliyokuwa akifunga daftari, Bibi Manjola alimuuliza, "Na wewe, nani wa nani?"

Fulgensi akamweleza habari za soko la pwani. Alieleza kwa maneno machache, kama alivyozoea. Bibi akamshika kidevu, akamgeuza uso upande huu na upande ule.

"Mdogo wa marehemu mume wangu aliitwa Mzelela," alisema. "Alikuwa na mtoto wa kiume, Kihanga. Walimchukua pamoja na mama yake wakati wa mafuriko makubwa. Mama tuliukuta mwili wake. Mtoto hatukumwona tena." Akakiachia kidevu chake. "Andika. Kihanga wa Mzelela wa Ndolela wa Likweti."

"Bibi, una hakika?"

"Mimi siyo bibi yako. Mimi ni mama yako mkubwa. Andika."

Fulgensi hakuwahi kujua kama mama yule alimtambua kweli au alimhurumia. Aliandika polepole mno mpaka wino ukadondoka chini ya jina. Kwenye ukurasa wa Mofu kulikuwa na watu arobaini walio hai. Yeye akawa wa arobaini na moja.

Lihami, aliyekuwa mtu wa mwili mkubwa na maneno ya polepole, alimsindikiza mpaka kwenye mtumbwi. Njiani Fulgensi alimsimulia habari za Putu.

"Huyo Putu alikuwa na akili," Lihami alisema. "Hakumpa mtu majina ya wanawe."

*

Padri Donati alipolisoma daftari alifurahi kama mtoto. Alichora kwenye karatasi ndefu mti wa koo zote za bondeni, na chini kabisa, penye shina, akaandika Putu. Kati ya Putu na babu wa mwisho wa akina Likweti aliacha nafasi nyeupe ya viganja viwili. Alisema nafasi hiyo Mungu ataijaza. Ofisa au mgeni yeyote wa Kizungu aliyepita misheni alionyeshwa karatasi ile baada ya chakula.

Fulgensi alirudi Mofu mara nyingi mwaka ule. Alimfundisha dini Digna, mke wa Lihami, akabatizwa. Wengine hawakutaka, na hakuwasumbua. Alikuwa akilala nyumbani kwa mama yake mkubwa na kula samaki wake, na watoto walimwita baba mdogo.

Katikati ya mwaka uliofuata ilikuja dawa. Aliileta mjumbe kutoka upande wa Rufiji, mtu wa aina waliyoiita hongo, akiwa na kibuyu cha maji. Aliyenyweshwa na kunyunyiziwa maji yale, risasi za Wazungu zingemgeukia kuwa matone. Fulgensi alisikia habari hizo akiwa Kivukoni, akavuka mto siku hiyohiyo na kwenda Mofu. Alimkuta Lihami akinoa mkuki kwenye jiwe la kuanikia nafaka.

"Umekunywa, kaka?"

"Nimekunywa."

"Nimeziona bunduki zao zikijaribiwa bomani. Zinakata mti ukaanguka."

Lihami aliendelea kunoa. "Mwaka jana walimpiga mdogo wangu viboko mpaka akakojoa damu, kwa sababu pamba ilichelewa kuchumwa. Alikufa siku ya nne, na siku ya tano wakaja kuuliza kwa nini zamu yake haina mtu. Wewe ulimzika, ulisoma sala zako." Akaupima ukali wa mkuki kwa kidole gumba. "Labda maji yatafanya kazi, labda hayatafanya. Kukaa nimechoka. Wewe ni mwana wa Mzelela. Kunywa."

"Nimeshamwagiwa maji mara moja," alisema Fulgensi.

Lihami hakukasirika. "Basi nenda mlimani leo. Usipite barabara kuu. Watu wa misheni hawataachwa."

Fulgensi akaenda. Maisha yake yote yaliyobaki alijiuliza kama alikwenda kwa imani au kwa woga.

Wiki ile Ifakara ilivamiwa, na askari waliokuwa wakiilinda wakauawa wote. Maduka ya watu wa pwani yalichomwa. Kisha moto ukafika misheni. Padri Donati alitoka mbio na vitu viwili, kikombe cha misa na daftari, na Fulgensi akambeba mgongoni kwenye sehemu za mteremko mpaka wakaingia ndani ya boma la Mahenge. Watu wa koo zote walipolishambulia boma, Fulgensi aliwaona kutoka ukutani. Walikuja wamejifunga majani ya mtama vichwani, wengi kuliko alivyowahi kuona mahali pamoja, wakitembea bila kukimbia. Bunduki za rashasha zilianza. Waliokuwa nyuma waliendelea kuja kwa sababu hawakuweza kuona waliokuwa mbele. Mchana uwanja ulikuwa kimya, na baadhi ya watu waliolala pale walikuwa ni watu ambao yeye aliwahi kuketi nao wakamtajia baba zao.

Alitembea kati yao na kuwageuza mmoja mmoja. Lihami hakuwa miongoni mwao.

*

Mvua zilipoanza, kilikuja kikosi kutoka ng'ambo ya bahari, na mkubwa wake, ambaye askari walimwita Luteni, alipewa kazi ya kusafisha bonde. Vita ilikuwa imekwisha kwa kweli, lakini watu walikuwa bado wamejificha kwenye visiwa vya matete ambako farasi hawafiki na mgeni anazama. Luteni alikaa siku moja na Padri Donati. Kesho yake Padri alimwita Fulgensi.

"Luteni anataka wakuu wa koo watoke," alisema. "Kutakuwa na shauri. Wakitoka, watu wote watarudi kupanda mpunga kabla mvua haijapita. Nimemwambia wewe ndiye uliyeandika majina, na wewe tu unaweza kuyataja kama wenyewe wanavyoyataja."

"Wakitoka watafanywa nini, Padri?"

"Watazungumza. Amenipa neno lake."

Padri alisema hayo bila kumtazama, huku akilifunga daftari kwenye kitambaa kisichopitisha maji. Kama alidanganywa, au alikubali kudanganywa, Fulgensi hakujua. Alilichukua daftari na kwenda.

Mkalimani wa kikosi alikuwa Sadallah, mtu wa asili ya pwani aliyekuwa na duka Ifakara. Siku ya uvamizi duka lake liliungua na kaka yake Seifu akauawa mlangoni. Hakuzungumza na mtu safari nzima.

Walifika Kivukoni asubuhi. Ng'ambo ya maji matete yalikuwa yamesimama kimya. Fulgensi alisimama ukingoni, akafungua ukurasa, akaita ukoo wa Ngoda, mzee aliyekuwa akiwavusha watu mto kwa mtumbwi tangu ujana wake. Aliita polepole, jina juu ya jina, kama alivyofundishwa, na sauti yake ilipita juu ya maji. Muda mfupi baadaye matete yakatikisika. Mzee Ngoda akatoka na mtumbwi wake, nyuma yake wanawe wawili na mkwewe. Walikuwa wamekonda. Mzee alimwona Fulgensi na uso wake ukalegea kwa faraja.

"Nilisema ni nani huyu anayemjua babu yangu," alisema. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, mzee. Kuna shauri."

Hakukuwa na shauri. Luteni aliuliza swali moja tu, kama hao ndio wakubwa wa ukoo, na Fulgensi akaitikia kabla hajaelewa kwa nini anaulizwa. Wote wanne walinyongwa kwenye mti mmoja pale kivukoni kabla jua halijafika utosini. Mzee Ngoda ndiye aliyekuwa wa mwisho. Hakumtukana Fulgensi. Alimtazama tu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kutoka ndani ya matete ilisikika sauti ya mwanamke mmoja, ikakatika, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Fulgensi aliondoka pale mtini. Aliosha uso mtoni, akarudi kukaa peke yake. Sadallah akaja akasimama karibu.

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Sasa unajua," alisema Sadallah. "Kesho kutwa tunafika Mofu."

*

Kwa siku mbili Fulgensi alitembea akifikiri. Angeweza kukimbia, lakini daftari lingebaki, na majina alikuwa ameyaandika kwa herufi kubwa zinazosomeka na yeyote. Luteni angemchukua mateka wa kumsomea. Angeweza kulitupa daftari majini, lakini tangu Kivukoni askari mmoja alikuwa amepewa kazi ya kulibeba, na lilitolewa tu wakati wa kuita. Alijaribu kusali, akashindwa kupita maneno ya kwanza.

Mofu ilikuwa tupu. Mpunga wa mwaka uliopita ulikuwa bado maghalani, kwa sababu watu walikuwa wakirudi kwa siri kuuchukua kidogo kidogo. Luteni aliketi kwenye kiti cha kukunja chini ya ghala lilelile ambalo Bibi Manjola alikuwa akisukia migono kivulini mwake. Fulgensi akapewa daftari, akafunguliwa ukurasa wa akina Likweti. Akaona majina arobaini na moja, na doa la wino chini ya lake.

Akavuta pumzi, akaita.

"Sabta, mwana wa Kushi, mwana wa Hamu."

Matete hayakutikisika.

"Raama, mwana wa Kushi, mwana wa Hamu. Sheba na Dedani, wana wa Raama. Havila. Sabteka."

Aliita kwa sauti ileile ya Kivukoni, taratibu, kidole chake kikishuka ukurasani mstari kwa mstari. Ndani ya matete walikuwa watu wasiopungua ishirini, wakiwa ndani ya maji mpaka kifuani, watoto wamebebwa mabegani. Walisikia sauti ya ndugu yao ikiwaita watu wasiokuwapo. Habari za Kivukoni zilikuwa zimewafikia tayari, lakini Lihami, kama Digna alivyosimulia baadaye, alikuwa ameshaanza kusogea. Alisema Kihanga akimwita kwa Likweti atatoka, kwa sababu ndiyo ahadi yao ya siku zote, na hawezi kuwa mtu wa kwanza kuivunja. Alisubiri jina lake. Halikuja.

Fulgensi aliwamaliza wana wa Kushi, akaingia kwa wana wa Misri. Akawaita Waludi na Wanaftuhi na Wapathrusi. Akamwita Sidoni na Hethi. Watu hawa hakuna aliyejua walifanya nini duniani. Walizaliwa, wakazaa, wakaandikwa. Alipomtaja Putu alinyamaza kidogo, kisha akaendelea.

Luteni akauliza mbona hawatoki. Sadallah alimtazama Fulgensi. Alikuwa amesoma chuo cha Kurani utotoni, na mwalimu wake aliwahi kuwafundisha habari za Nuhu na wanawe. Hamu alimjua. Kushi alimjua. Alisimama pale kitambo, na kila mtu angeelewa kama angesema, kwa sababu kaka yake alikuwa kaburini kwa mikono ya watu waliokuwa mle majini.

"Anasema wako mbali, bwana," Sadallah alimwambia Luteni. "Inabidi aite tena."

Fulgensi akaita tena. Jua lilikuwa kali na koo lake limekauka. Alirudi kwa Kushi kuanza upya, na kwa uchovu akateleza kwenye jina alilokuwa amekusudia kuliruka.

"Nimrodi, mwana wa Kushi."

Luteni aliinua kichwa. Alikuwa mtu wa kuwinda, ngozi za chui zilikuwa kwenye mizigo yake, na jina hilo la mwindaji hodari wa Maandiko kila mwindaji wa Kizungu alilijua. Akainuka, akalichukua daftari, akatafuta kwa ukucha mahali ambapo kidole cha Fulgensi kilikuwa. Akasoma taratibu, *Lihami wa Mkuya*. Kisha akamwuliza Sadallah jambo, na Sadallah akajibu kwamba yeye hajui majina ya washenzi, yote kwake ni sawa.

Walimlaza Fulgensi chini, wakampiga viboko ishirini na vitano, wakapumzika, wakampiga tena. Luteni mwenyewe akajaribu kuita kutoka daftarini, lakini ulimi wake uliyavunja majina na hakuna aliyeyatambua. Basi akaamuru kila kitu kichomwe. Maghala yakawashwa moja baada ya jingine, mpunga ukaungua kwa harufu tamu iliyoenea bonde zima. Mitumbwi ilipasuliwa kwa mashoka. Mashamba yaliyokuwa yameanza kuota yakakatwakatwa na wapagazi waliopangwa mistari. Yote hayo watu waliokuwa mateteni waliyaona kwa macho yao. Walikuwa hai, na walikuwa wakitazama chakula cha mwaka mzima kikigeuka moshi.

*

Fulgensi alifungwa mnyororo wa shingoni, akabeba mizigo mpaka bomani, na huko akavunja mawe mwaka mzima na zaidi. Padri Donati alikuja kumwona mara moja, akasimama nje ya ua akiwa na kofia mkononi.

"Ulitumia Maandiko kudanganya," alisema.

"Nilitaja majina yaliyoandikwa, Padri. Yale mengine ndiyo yaliyokuwa ya uongo. Nilimwambia Ngoda kuna shauri."

Padri aliigeuza kofia mkononi. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. "Nimemwombea Ngoda."

"Lichome daftari."

"Ni kazi ya miaka minne, Fulgensi. Watu wenyewe wamekwisha, au watakwisha. Litakuwa ndiyo kumbukumbu yao pekee." Aliposikia maneno yake mwenyewe uso ulimwiva, akageuka kwenda. Mwezi uliofuata daftari na karatasi ya mti viliondoka na mzigo wa barua za Ulaya.

Alipoachiliwa, Fulgensi alishuka bondeni peke yake. Alipita vijiji ambavyo hakuna jogoo aliyewika. Nyasi zilikuwa zimeota ndani ya nyumba, na simba, waliozoea kula maiti wakati wa njaa, walikuwa wakitembea barabarani mchana. Huko Mofu alimkuta Digna akichimba tuta kwa mti uliochongwa, kwa kuwa majembe yalichukuliwa. Alikuwa mifupa na macho.

"Shemeji," alisema Digna, bila kuacha kuchimba.

Fulgensi akaokota mti mwingine, akaanza kuchimba tuta la pili. Digna alimweleza kidogo kidogo. Bibi Manjola alikufa wiki tatu baada ya moto. Alikataa kula mizizi waliyokuwa wakigawana, akasema tumbo linamsumbua, na kila mtu alijua anasema uongo ili watoto wapate. Watoto wenyewe walikufa baadaye, wawili kwa homa, mmoja alichukuliwa na simba. Lihami alivumilia mpaka mwezi wa nane. Kisha akasema anakwenda kuomba mbegu, kwa sababu watu walisikia wenye kujisalimisha wanasamehewa. Alijitaja mwenyewe mbele ya askari wa doria, jina lake na baba zake wote. Wakamnyonga palepale kambini.

"Tumebaki saba," alisema Digna. "Wewe wa nane."

Walipanda mpunga walioupata kwa watu wa ng'ambo ya mto, na mwaka ule mvua ilikuwa nzuri. Fulgensi hakurudi misheni. Alichonga mtumbwi, akajifunza upya kusuka migono, na vidole vyake vilikuwa vizito kwa kazi hiyo. Lakini kwenda Ifakara lazima apite Kivukoni, na kila alipopita pale alikaa bila kufungua kinywa, kwa kuwa Digna alimwonya kwamba wajane wa kule wanaijua sauti yake.

Siku moja baada ya mavuno alishindwa kuendelea hivyo. Alishuka kwenye mtumbwi, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mjane wa Ngoda, akapiga magoti mbele ya mlango.

"Mama, mimi ndiye niliyeita siku ile."

Mwanamke yule alikuwa akipepeta mpunga. Alisimamisha ungo. Ndani ya nyumba kulikuwa na watoto wanne, wajukuu, waliokuwa wakichungulia.

"Nakujua," alisema. "Binti yangu alikuwa amenishika mdomo ili nisilie." Akauweka ungo chini. "Wanaume wote waliojua majina yetu wamekufa. Mimi niliolewa hapa, naishia kwa babu wa mume wangu. Watoto hawa hawana cha kutaja. Wewe bado unayo?"

"Ninayo."

"Yote?"

"Yote, mama."

Akawaita watoto, akawapanga kwenye mkeka. Fulgensi akaanza, kutoka kwa mzee Ngoda kwenda kwa baba yake, na juu zaidi. Mkubwa wao aliyarudia bila kukosea, wadogo wakachanganya, naye akawarudisha nyuma na kuanza upya. Waliendelea mpaka jua likaelekea magharibi na watoto wakayashika. Mjane hakumpa maji ya kunywa, wala hakumwambia ainuke kutoka pale alipopiga magoti.

Mtoto wa mwisho alipoyamaliza peke yake, yule mama akachukua ungo wake.

"Sasa nenda," alisema. "Na usirudi tena hapa."

Fulgensi akainuka, magoti yakiwa yamekufa ganzi, akashuka mpaka kwenye maji na kuusukuma mtumbwi.